Naitrojeni ya samadi ya bata: kwa nini Vietnam inapoteza nyingi kuliko Ufaransa?

Kidau (mwanzisha uzi)
Wakuu, salaam. Nimepakua majedwali ya FAO (shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa) ya samadi inayowekwa shambani, nikachuja bata peke yake kwa nchi mbili, Vietnam na Ufaransa. Safu moja ni naitrojeni inayoondoka na maji, nyingine ni ile inayopaa hewani. Mwaka baada ya mwaka Vietnam inaiacha Ufaransa mbali. Hoja yangu ni hii: Wafaransa wana sheria kali za samadi na mashine za kumwaga kwa kipimo, Wavietnam wanawaachia bata wajitembelee. Kwa hiyo mkulima wa Vietnam anapoteza rutuba hovyo kuliko mwenzake. Anayepinga aje na hoja.

Pera
Watu wanakula bata, wewe umekaa unahesabu kinyesi chake. Naweka kambi hapa.

Tarakimu
Napinga. Chukua safu ya maji, igawe kwa safu ya hewa. Utapata 1.5 kwa Vietnam na 1.5 kwa Ufaransa, mwaka huu na miaka ya nyuma. Nchi mbili hazifanani hivyo kwa udongo na mvua. Hiyo ni 30 gawanya kwa 20 tu, basi. Mwongozo wa IPCC (jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi) wa 2006, kwenye njia yake rahisi kabisa, unasema asilimia 30 ya naitrojeni ya samadi iliyofika shambani inachukuliwa na maji na asilimia 20 inapaa kama amonia na gesi za jamii yake. FAO wanatumia vizidisho hivyo kwa kila nchi.

Bata naye kapewa kiwango kimoja dunia nzima: kilo 0.83 za naitrojeni kwa siku kwa kila tani ya uzito hai, na uzito wa kilo 2.7 kwa bata mmoja. Piga hesabu ya mwaka utapata kama kilo 0.82 kwa kichwa. Bata wa Mekong kule Vietnam na bata wa Gers kule Ufaransa, wote 0.82. Ulichokiona ni idadi ya bata iliyovaa koti la naitrojeni. Vietnam ina bata mara kadhaa ya wale wa Ufaransa, habari imeisha.

Kidau
Tarakimu, nimegawa. 1.5 kweli, kila mstari. Lakini kama jedwali halisemi lolote kuhusu mkulima, basi halisemi pia kwamba wako sawa. Swali linabaki pale pale: shambani kwenyewe, nani anapoteza zaidi kwa kila bata?

Mchanga Mweupe
Hapo sasa ndipo uzi unapoanza. Mimi nasema Ufaransa, na nina sababu: Landes. Ule ukanda wa kusini magharibi wenye bata wengi umekaa juu ya mchanga. Mchanga wenye tindikali, mfinyanzi karibu hakuna, maji yanapita kama kwenye chujio. Zao kuu ni mahindi ya kumwagiliwa. Mahindi yakivunwa vuli, mvua nyingi zinaanza, na mimea ya kunyonya naitreti (naitrojeni iliyoyeyuka kwenye maji) hakuna. Kilichobaki kwenye udongo kinashuka kwenye maji ya ardhini. Asilimia 30 kwa mchanga kama ule ni heshima tu.

Boulbene
@Mchanga Mweupe umesahau sheria. Agizo la Ulaya la naitreti ni la 1991: kwenye maeneo yaliyotangazwa kuwa hatarini, samadi isizidi kilo 170 za naitrojeni kwa hekta kwa mwaka. Kuna miezi ambayo samadi ya maji hairuhusiwi kumwagwa, na kuna sharti la kupanda mazao funika vuli ili udongo usikae uchi. Hawamwagi tu wakajiendea.

Mchanga Mweupe
Sharti hilo lina mlango wa nyuma. Baada ya mahindi ya punje unaruhusiwa kusaga mabua na kuyafukia badala ya kupanda mazao funika. Mabua yanashika naitrojeni kiasi, sikatai, lakini bua lililosagwa halina mizizi. Na wewe mwenyewe unajua Landes kuna mahindi kiasi gani.

Pera
Kwa hiyo bata anakula mahindi, anakunya kwenye mahindi, halafu anasukumiwa mahindi kooni. Huyu ndiye anayekula bata kweli.

Dada Jaruba
Nimesoma Can Tho, katikati ya delta ya Mekong, nikakaa na familia inayofuga bata wa kuhamahama, kwa hiyo naomba niseme ninachokijua.

Mpunga ukishavunwa, mwenye bata anamlipa mwenye shamba kidogo, au wanaelewana tu, kisha anawaingiza. Kundi zima linafika kwa mtumbwi, bata wamebanana kama abiria wa jioni. Wanashushwa kwenye tuta, wanajimwaga majarubani wenyewe. Wanaokota punje zilizodondoka, wadudu na konokono, hasa wale konokono wavamizi kutoka Amerika ya Kusini wanaokata miche ya mpunga. Jioni mchungaji anasimamisha wavu wa nailoni na vijiti vya mianzi juu ya tuta, wanalala humo. Asubuhi mayai yanaokotwa kwenye nyasi, wavu unakunjwa.

Sasa sikilizeni. Mchana kinyesi kinatawanyika chenyewe majarubani, hakuna mashine itakayotawanya vizuri vile. Usiku ni hadithi nyingine. Kundi zima linalala eneo la ukubwa wa nyumba. Asubuhi ardhi pale imekuwa ya kijani kilichochanganyika na nyeupe, inateleza, harufu inauma macho. Mvua ikinyesha kabla ya jua kupanda, yote inaingia mfereji wa jirani. Kwa hiyo mtu akiniuliza "Vietnam inapoteza kiasi gani?" namjibu: ya mchana au ya usiku?

Tarakimu
Dada Jaruba asante, umeleta jambo zito kuliko unavyodhani. Hao bata wa kuhamahama kwa hesabu ya IPCC hawamo kabisa kwenye jedwali la Kidau. Kinyesi ambacho mnyama anakiacha mwenyewe anapojitafutia chakula kina jedwali lake, "samadi iliyoachwa malishoni". La Kidau ni la samadi iliyokusanywa bandani, ikatunzwa, kisha ikapelekwa shamba. Na FAO hawamfuati kila mchungaji na mtumbwi wake. Wanagawa kwa asilimia za kikanda, kiasi fulani malishoni, kiasi fulani bandani.

Boulbene
Na Ufaransa mgawanyo huo umebadilika kabisa. Bata wa kunoneshwa (wale wanaolishwa kwa nguvu ili ini linenepe) walikuwa na viwanja vya nje, wakimaliza wiki za mwanzo ndani wanatolewa kukimbia. Likaja homa ya mafua ya ndege, wimbi la 2015 hadi 2017, kisha la 2020 na lile baya la 2021 na 2022, mamilioni ya ndege wakateketezwa. Amri ikawa kuwafungia ndani vipindi vya hatari, na Oktoba 2023 wakaanza kuchanja bata kwa lazima. Bata akifungiwa, kinyesi chake kinatoka kwenye "kilichoachwa nje" na kuingia kwenye "kilichokusanywa na kumwagwa". Bata ni yule yule na chakula ni kile kile, ila safu imebadilika. Jedwali lenye asilimia za kudumu halioni mabadiliko hayo.

Kidau
Kwa hiyo virusi vimebadili njia ya naitrojeni na takwimu hazina habari. Hii sikuitegemea.

Mkulima Msomi
Mnazungumza maji tu. Hewa je? Ndege hakojoi kama ng'ombe. Naitrojeni yake nyingi inatoka kama asidi ya yuriki, ile sehemu nyeupe ya kinyesi. Ikikaa kavu inatulia. Ikipata unyevu, bakteria wanaivunja kuwa yurea, kisha amonia, na amonia ikikuta joto na pH ya juu (yaani tindikali kidogo) inaruka. Bata kwa asili humwaga maji ya kunywa hovyo, samadi yake ni mbichi kuliko ya kuku. Weka unyevu huo kwenye joto la Mekong la nyuzi 30 upande mmoja, na kwenye baridi ya Machi kule Ufaransa upande mwingine. Vietnam inapoteza zaidi hewani, sihitaji kipimo kuona hilo.

Mwana wa Gers
Unahitaji kipimo, mkuu. Nimefanya kazi za msimu kwenye shamba la bata Gers. Udongo wa pale vilimani una chokaa, ukikauka unakuwa mweupe na unapasuka. Chokaa maana yake pH juu ya 7, na hapo amonia inafunguliwa mlango. Tulikuwa na tenki la kuvutwa na trekta, nyuma lina safu ya mipira inayoburuta chini ili samadi isirushwe hewani. Kifaa kizuri. Lakini ukimwaga mchana wa jua na upepo, ukirudi jioni samadi imeganda juu kama ngozi ya maziwa na harufu yote imekwenda kwa majirani. Bosi wangu alikuwa anasubiri mawingu, na aliyekuwa na haraka alipitisha plau ya visahani nyuma ya tenki saa ile ile. Shamba lile lile na bata wale wale, saa tatu za kuchelewa kufukia zinabadilisha hesabu kuliko kubadilisha nchi.

Dada Jaruba
Na kwa upande wa Mekong, udongo mwingi una tindikali ya salfa, hasa Dong Thap Muoi. Ukikauka pH inashuka vibaya mno. Tindikali inashika amonia isipae. Kwa hoja ya Mkulima Msomi, hapo Vietnam ilipaswa kupoteza kidogo.

Mkulima Msomi
Ukikauka, ndiyo. Ukifurika, pH inapanda kuelekea katikati. Halafu maji yaliyosimama jarubani yanaota mwani. Mchana mwani unavuta hewa ya ukaa kutoka kwenye maji, pH ya maji inapanda kupita 8 saa za jua kali, na amonia inaondoka. Usiku inashuka. Ukipima asubuhi utasema hakuna tatizo, ukipima saa nane mchana utashika kichwa.

Pera
Huyu bata ana mambo ya mchana na usiku kila anapokwenda.

Mchanga Mweupe
Tusisahau kilicho chini. Jaruba limekanyagwa na kuvurugwa misimu mingi, kuna tabaka gumu chini ya tope, maji hayashuki kirahisi. Na kwenye tope lisilo na hewa naitreti haitengenezwi kwa wingi, na ile iliyopo bakteria wanaigeuza kuwa gesi ya naitrojeni isiyo na madhara, inarudi ilikotoka. Kwa hiyo kuzama kwenda chini kwenye jaruba ni kidogo kuliko kwenye mchanga wa Landes. Narudia: kwa kila bata, maji ya Ufaransa yanapata zaidi.

Tarakimu
Angalia usije ukasoma vibaya kile kizidisho cha asilimia 30. Ni kuzama chini *pamoja na* kutiririka juu. Jaruba linaweza lisizamishe kitu, lakini mwenye shamba akifungua tuta kupunguza maji siku mbili baada ya bata kupita, kinachotoka ni supu. Landes inapeleka kisimani, Mekong inapeleka mferejini.

Boulbene
Tofauti ni kwamba kisima kina kikomo cha miligramu 50 za naitreti kwa lita na kuna mtu anakipima. Mfereji hauna simu ya kupiga.

Dada Jaruba
Boulbene, usiifanye Vietnam kama pori. Sheria ya ufugaji ilipitishwa 2018, ikaanza 1 Januari 2020, na inadai mashamba makubwa yashughulikie taka zao. Tatizo ni bata wadogo wadogo waliotawanyika kwa familia nyingi. Huwezi kumpelekea fomu kila mwenye kundi anayelala juu ya tuta.

Shomari wa Bata
Mimi mfugaji tu, naomba niulize swali la kijinga. Mnahesabuje bata? Bata wa nyama haishi mwaka. Bata wa Peking anachinjwa karibu wiki ya sita au ya saba. Wale wa Ufaransa wa kunoneshwa wanafugwa kama wiki 12, kisha siku kumi na kitu za kulishwa kwa nguvu. Na wa mayai wa huyo dada anaishi mwaka na zaidi. Mkisema 0.82 kwa kichwa kwa mwaka, kichwa kipi?

Tarakimu
Swali hilo lingewaangusha wengi. Unatakiwa kuhesabu wastani wa walio hai kwa siku, siyo waliochinjwa. Bata 1,000 waliochinjwa kwa mwaka, kila mmoja kaishi siku 40, ni sawa na bata 110 tu waliokuwepo mwaka mzima. Ukiwaingiza kama 1,000 umezidisha mara tisa. Wakiishi siku 90, wanakuwa kama 247. Kwa hiyo ukilinganisha kwa bata aliyechinjwa, Mfaransa anaonekana mchafuzi, kwa sababu bata wake kaishi zaidi. Ukilinganisha kwa bata aliye hai kwa siku, tofauti inapotea.

Shomari wa Bata
Asante mkuu. Na zile siku za mwisho analishwa mahindi karibu matupu, ambayo protini yake ni kama asilimia 8 au 9. Naitrojeni anayoila ni ndogo kwa kila kilo ya chakula kuliko alipokuwa kifaranga. Kwa hiyo 0.83 yenu kwa mnyama yule kwa wakati ule siiamini.

Kidau
Tarakimu tupe mfano mmoja kamili basi, kwa bata milioni moja walio hai, tuone zinapoteleza.

Tarakimu
Bata milioni moja, wote bandani: tani 820 za naitrojeni kwa mwaka. Kabla haijafika shamba, bandani na kwenye lundo, mwongozo ule ule unakadiria karibu nusu inapotea kwa samadi ya ndege yenye matandiko, kwa masafa mapana sana kulingana na matunzo. Zimebaki tani 410. Asilimia 20 hewani ni 82. Asilimia 30 na maji ni 123. Zaidi ya nusu ya hasara yote imetokea *kabla* ya shamba. Tumebishana uzi mzima juu ya tani 205 wakati 410 ziliondoka bandani.

Mwana wa Gers
Lakini bata wa Barbarie (aina moja ya bata wa nyama) niliowaona walikuwa juu ya sakafu ya matundu, hakuna matandiko. Kinyesi kinaanguka shimoni na maji ya kunywa yaliyomwagika. Hiyo ni samadi ya maji moja kwa moja, siyo lundo. Nusu yako inatoka kwa mfumo mwingine.

Tarakimu
Bila matandiko mwongozo unaweka asilimia 55. Hesabu inasogea kidogo, hoja haisogei.

Mkulima Msomi
Na mnatumia mwongozo wa zamani. Marekebisho ya 2019 yalishusha sehemu ya maji kutoka 30 hadi 24, na ya hewa ikapanda kutoka 20 hadi 21. Tena yale ya maji ni kwa maeneo yenye unyevu wa kutosha, siyo kila mahali.

Tarakimu
Imeshuka, lakini wakapandisha kizidisho cha naitrasi oksaidi inayotoka kwenye hayo maji, kutoka 0.0075 hadi 0.011. Zidisha: zamani 0.30 mara 0.0075 ni 0.00225. Sasa 0.24 mara 0.011 ni 0.00264. Naitrojeni majini imepungua, gesi ya kupasha joto dunia inayohesabiwa kutoka humo imeongezeka. Bata hajabadili chochote.

Pera
Bata hana habari kabisa. Yuko kwenye mtumbwi.

Dada Jaruba
Kuna kitu kinanikera tangu mwanzo. Kidau kasema "kupoteza rutuba". Bata wa kuhamahama anakula punje na konokono wa jaruba lile lile anamokunya. Naitrojeni yake haijatoka mbali, imezunguka tu, na mayai yanaondoka na sehemu. Bata wa Ufaransa anakula soya, nyingine imevuka bahari kutoka Brazili. Ile ni naitrojeni mpya inayoingizwa kwenye udongo wa Landes. Ukizamisha kilo moja ya naitrojeni iliyokuwa pale pale, na ukizamisha kilo moja iliyokuja kwa meli, jedwali linaandika moja na moja.

Boulbene
Hoja nzuri, ila mfuko wa yurea kwenye mpunga wa delta nao hauokotwi majarubani. Wanaweka mbolea ya viwandani kwa wingi kule, bata ni nyongeza juu yake. Mkulima akimpunguzia mpunga yurea kwa sababu bata wamepita, hapo nitakubali kwamba imezunguka. Asipopunguza, yote ni ziada.

Dada Jaruba
Niliowaona baadhi walipunguza. Wengine walisema bata hawaandikiwi kwenye mfuko, wakaweka vile vile.

Mchanga Mweupe
Kama vile vile, basi ile ya bata ndiyo inayoondoka yote. Nimekaa na hoja yangu ya Landes lakini hii inanitikisa.

Kidau
Nimetoa neno "hovyo" kwenye hoja yangu ya kwanza, kichwa cha uzi kibaki hivyo hivyo kwa sababu kimeleta watu. Kazi inayofuata: nachukua lile jedwali jingine la samadi iliyoachwa malishoni, nchi zile zile mbili, nijumlishe na hili. Tarakimu, kule napo kuzama kuna asilimia 30 ile ile?

Tarakimu
Ile ile. Na kupaa ni 20 ile ile. Ukigawa utapata unachokijua.

Shomari wa Bata
Wakati mnagawa, mwenye samadi ya bata mbichi ya kumwaga wiki hii afanyeje?

Mwana wa Gers
Subiri mawingu na ufukie siku hiyo hiyo. Kama una mchanga, subiri kwanza zao liwepo shambani.